Rinda la Ishirini na Nne

Kila asubuhi, kabla hajafungua mnyororo uliofunga cherehani yake kwenye nguzo ya veranda, Kisilu alitazama barabara. Alitazama kushoto, kule watu wa milimani wanakoshukia, akatazama kulia kuelekea sokoni, kisha akarudi kushoto tena, kwa sababu kushoto ndiko kulikokuwa na hatari. Akiridhika kwamba njia ni nyeupe, alifungua cherehani, akaigeuza ielekee ukutani, akaketi na kuupa mji mzima wa Kabati mgongo. Hapo ndipo kazi ya siku ilipoanza.

Mgeni angedhani fundi yule ana adui. Hata kidogo. Alikuwa na mama mkwe.

Kwa Wakamba, mwanamume na mama wa mke wake hawatazamani usoni, hawaketi mahali pamoja, wala hawapishani njiani kama watu wengine. Heshima hiyo huitwa nthoni, na anayeivunja ajiandae kutoa mbuzi. Wakikutana kwa bahati mbaya, mwanamume hukohoa, mama hujifunika leso usoni, kisha kila mmoja hutafuta kichaka chake. Sasa Kalondu, mama yake Nthenya mke wa Kisilu, alikuwa mtu wa kupenda soko. Njia yake ya kwenda sokoni ilipita mbele ya duka la Mzee Shee, na veranda ya Mzee Shee ndiyo iliyokuwa karakana ya Kisilu. Kwa miaka tisa ya ndoa Kisilu alikuwa hajamwona mama mkwe wake sawasawa hata mara moja. Alimjua kwa mlio wa malapa yake ya tairi, na kwa kikohozi chake, ambacho kilikuwa kizito kuliko cha wanaume wengi. Siku moja malapa hayo yalisikika ghafla mno, naye akaruka ukuta wa nyuma ya duka na suruali ya mteja mkononi. Mteja alibaki ndani ya stoo ya Mzee Shee amejifunga gunia la sukari.

“Habari ya mgongo wako, fundi?” Ndululu alipenda kumwita kutoka ng'ambo ya barabara.

Ndululu naye alikuwa fundi, ama ndivyo alivyojiita. Suruali zake, mguu mmoja ulielekea Mwingi na wa pili ukaelekea Kitui mjini. Kisilu alikaza uzi. Yeye alifundishwa kazi mjini Sultan Hamud, katika kibanda kilichokuwa hatua chache kutoka kwenye reli, mahali ambapo meza, mashine na meno ya fundi vilitetemeka pamoja kila treni ilipopita. Mtu aliyejifunza kunyoosha kola katika tetemeko lile hakuwa na la kuzungumza na Ndululu.

Mwaka huo ulikuwa wa sabini na saba. Asubuhi moja Kisilu alikuwa akinywa chai kwa mahamri ya Hasina, mke wa Mzee Shee, furaha yake kubwa ya kila siku. Ndipo kitu kizito kilipotua nyuma yake, puu!

“Fundi, geuka! Mimi si mama mkwe wako.”

Alikuwa Muthoki, mwenyekiti wa mwethya, kikundi cha akina mama waliochimba bwawa la maji kwa majembe na karai kwa miaka mitatu. Kilichotua kilikuwa jora zima la kitambaa cha buluu.

“Marinda ishirini na manne,” Muthoki alisema. “Kola nyeupe. Zipu mgongoni, kama nilivyoyaona Kitui. Bwana Disii, mkuu wa wilaya, anakuja kufungua bwawa Alhamisi ya wiki ya pili, na nataka atuone tumefanana kama watoto wa shule.”

Kisilu alimeza hamri bila kulitafuna. Maishani mwake hakuwahi kushona nguo zaidi ya tatu zinazofanana, na hizo tatu zilikuwa za mapacha watatu.

Akina mama walipimwa kwa siku mbili. Haikuwa kazi nyepesi. “Kiuno changu hakiwezi kuwa arubaini na mbili,” mmoja aliwaka. “Hiyo tepu yako imechoka.”

“Mama, tepu haichoki.”

“Basi imeniogopa.”

Kisilu aliandika vipimo kwa chaki ukutani, mbele ya pua yake, akahesabu. Ishirini na tatu. Akahesabu tena. “Bado mmoja,” alimwambia Muthoki.

Muthoki alitazama mbali, kama mtu anayetafuta mvua. “Ni yule mwimbishaji wetu.”

Sindano ilimchoma Kisilu kidole, naye hakuhisi. Mwimbishaji wa mwethya alikuwa Kalondu. Ndiye aliyeanzisha nyimbo bwawani akiwa na karai la udongo kichwani, wengine wakaitikia na majembe yakashuka pamoja.

“Yeye ndiye atakayesimama mbele ya Disii,” Muthoki aliendelea. “Peke yake, hatua tatu mbele yetu.”

“Mpeleke kwa Ndululu.”

“Nilimwambia. Alisema heri avae gunia.”

Jambo hili lilimfurahisha Kisilu, kisha likamtia hofu. Kalondu akionekana ndani ya nguo ya Ndululu, Kabati ingesema hata mama mkwe wa Kisilu haiamini sindano yake. Akionekana ndani ya nguo mbaya ya Kisilu mwenyewe, ingesemwa kwamba mkwe amemwaibisha mbele ya serikali, na kwa aibu ya namna hiyo hakuna zizi lenye mbuzi wa kutosha. Na akikosa nguo?

“Akikosa nguo hasimami mbele,” Muthoki alisema. “Asiposimama, hatuimbi. Tusipoimba, Disii atadhani bwawa limechimbwa na trekta.”

Kisilu alifikiria siku nzima, akapata njia. Tepu hakuitaka, maana hakutaka namba za mama mkwe zitamkwe na mdomo wa mtu yeyote. Alikata kamba nne za mkonge. Yenye fundo moja ilikuwa ya kifua, ya mafundo mawili ya kiuno, ya matatu ya nyonga, na ya manne ya urefu wa rinda. Nthenya angeenda nazo kwa mama yake, amzungushie kila moja na kuikata inapokomea. Nthenya alikwenda Jumamosi, akarudi Jumapili na kamba zimefungwa ndani ya kitambaa, akampa mumewe, kisha akakaa kupepeta mbaazi.

Kisilu alizilaza kamba juu ya tepu, moja baada ya nyingine. Akazilaza tena upya.

“Nthenya, mama yako ni mzima?”

“Mzima kabisa. Kwa nini?”

“Kifua arubaini na nne.”

“Sawa.”

“Kiuno arubaini na nne.”

“Eh.”

“Na huko kwingine ambako sikutaji, arubaini na nne pia.”

Nthenya alipepeta mbaazi ambazo zilikuwa safi tangu zamani.

“Tena zinanata,” Kisilu alisema akijinusa vidole. “Na hii ya kiuno ina mguu wa nyuki.”

Ungo ulisimama. “Usikasirike, baba. Mama alikataa. Alisema kamba iliyozunguka mwili wake ikifika mkononi mwa mkwe, basi ni kama mkwe amemshika. Sasa tutafanya nini? Tukatafuta kitu cha saizi yake.”

“Kitu gani?”

“Mzinga.”

Baba yake Nthenya alikuwa na mzinga wa nyuki wa gogo, mkubwa, aliouteremsha mtini ili ausafishe, nao ulikuwa umelala uani ukingoja.

“Mama aliuangalia,” Nthenya alisema, “akajiangalia, akasema, huyu ni mimi. Nami nikatazama nikaona kweli wanafanana. Kidogo. Kwa nyuma.”

Kisilu hakuwa na nguvu za kukasirika. Keshoye alijaribu hata kukata gazeti kwa vipimo vile vile, labda Mungu angesaidia, akalitundika kwenye msumari wa veranda. Mzee Shee alitoka dukani na tasbihi yake, akasimama mbele ya gazeti, akaliinamia.

“Fundi, hii foronya ni ya nani?”

Kisilu aliteremsha gazeti, akalikunja mara nne, akalikalia. Ilikuwa Jumatatu. Marinda ishirini na matatu yalikuwa yakienda vizuri, na lile moja lilikuwa bado linahesabiwa na nyuki.

Aliyemwokoa ni Hasina, ambaye Kabati nzima ilimwita Mama Tima. Yeye alizaliwa pwani, na kwa miaka ishirini aliyokaa Kabati hakuchoka kuistaajabia desturi hii.

“Yaani nyinyi watu! Mama wa watu mnamkimbia kama simba.”

“Hatukimbii, Mama Tima. Ni heshima.”

“Heshima gani ya kuruka ukuta na suruali ya mtu?” Aliweka birika chini. “Sikiliza. Nitakupimia mimi.”

“Tepu hataki. Kamba hataki.”

“Nani kataja tepu? Sisi kwetu tukisalimiana tunakumbatiana. Kesho siku ya soko nitamkumbatia, kisha nije kwako na mikono yangu hivi hivi, kama nilivyomshika. Wewe upime mikono yangu. Tepu haikumgusa yeye, na yeye hakukugusa wewe. Mbuzi atoke wapi hapo?”

Kisilu aliligeuza jambo hilo kama mtu anayekagua koti, nje na ndani, asione mahali lilipofumuka.

Basi kesho yake sokoni, Kalondu akiwa nyuma ya rundo lake la mbaazi, Hasina alimwendea amekunjua mikono. “Mama Nthenya! Hujambo mpenzi!” Akamkumbatia kifuani, akamwachia polepole, akaondoka na mikono yake ikiwa duara mbele yake, kama mtu aliyebeba pipa lisiloonekana. Mwalimu mmoja alimpa mkono wa salamu. Hasina alimsalimu kwa kidevu. Muuza nyanya alisogeza debe lake, maana hakujua ugonjwa ule unaambukizwa vipi.

“Pima, pima!” alimlilia Kisilu alipofika verandani. “Inakufa ganzi!”

Kisilu alizungusha tepu. Arubaini na sita.

Hasina alirudi sokoni, akamkumbatia Kalondu kiunoni.

“Mama Tima,” Kalondu alisema, “si tumesalimiana sasa hivi?”

“Nimekukumbuka tena.”

Thelathini na tisa.

Mara ya tatu ndiyo iliyokuwa ngumu, kwa kuwa hakuna salamu ya nyonga hata huko pwani. Hasina alifika mbele ya mbaazi, akajikwaa kwa makusudi, akaanguka mbele na kumdaka Kalondu hapo hapo alipopataka.

“Woi!” Kalondu alipiga yowe. “Jua limempiga! Leteni maji!”

Wanawake wanne walikuja na maji, na kwa sababu Hasina alikataa katakata kukunja mikono yake ashike kikombe, walimnywesha wao, nusu mdomoni na nusu kwenye buibui. Kisha akainuka na duara lake, akaliacha soko limesimama, akapanda ngazi za veranda kwa ubavu. Mumewe alikuwa mlangoni.

“Hasina, umebeba nini?”

“Nyonga za mama mkwe wa fundi. Nipishe.”

“Subhanallah,” Mzee Shee alisema, akapisha.

Arubaini na tisa. Kisilu alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. Hizi zilikuwa namba za mtu. Hakuziandika ukutani, angethubutu vipi. Alizishika kichwani, akakata kitambaa papo hapo, na mkasi ulipomaliza akafanya bidii kuzisahau. Urefu aliuchukua kwa Nthenya, ambaye alilingana na mama yake kimo. Rinda lile alilishona peke yake kwa siku mbili nzima, akamfukuza kila mteja, akaishika pasi ya makaa kwa woga kama anayembeba mtoto mchanga wa mtu mwingine.

Kalondu naye jioni ya siku ya soko alimwambia binti yake, “Yule mke wa Shee, ama anakaribia kufa na ananiaga, ama amekuwa ndugu yangu. Mpelekee mbaazi.”

Alhamisi ya Disii ilifika. Akina mama walipewa darasa moja la shule iliyo karibu na bwawa ili wabadilishe nguo. Kisilu alisimama nje, chini ya dirisha, na sindano imechomekwa kwenye kola ya shati, kwa ajili ya dharura. Ndani kulikuwa na kelele za kufungiana zipu mgongoni. “Vuta pumzi!” “Nimevuta!” “Vuta na ya kesho!” Ila Kalondu, aliposikia mkwe yuko dirishani, hakukubali mwili wake uzungumziwe mkwe huyo akisikia. Alichukua rinda lake, akaenda nyuma ya ubao mweusi, akavaa peke yake.

Walitoka mmoja mmoja, buluu, kola nyeupe, na kila mmoja Muthoki alimwambia, “Imekukaa!” Kisilu aliwahesabu. Ishirini na tatu.

Aliuma midomo. Muthoki alirudi ndani, naye akamsikia akiita, “Kalondu! Vumbi la Landrova linaonekana!”

“Sitoki.”

“Toka, imekukaa!”

“Umeniona wapi, niko nyuma ya ubao? Wewe hata mzinga ungeuambia imeukaa.”

Nthenya aliingia, akajaribu. “Mama, limekukaa sana.”

“Wewe ni mke wake. Utasema nini?” Sauti ya Kalondu ilishuka, lakini dirisha lilikuwa wazi. “Linanikaba shingo. Hapa mbele kuna kitu kigumu kinanichoma. Miaka mitatu nimebeba udongo na kichwa changu, na leo nikasimame mbele ya watu nikiwa kituko? Waambie nimeugua.”

Kisilu alihisi masikio yake yakiwaka. Arubaini na sita, thelathini na tisa, arubaini na tisa: namba zote alizojitahidi kuzisahau zilirudi mbio. Shingo ya kumkaba aliitoa wapi? Labda Hasina aliilegeza mikono njiani. Labda yule mwalimu wa salamu aliisukuma. Ng'ambo ya bwawa alimwona Ndululu amesimama katika umati, amevaa suruali yake mwenyewe, anangoja.

Filimbi ya Muthoki ililia. Akina mama walikimbilia mstari, Nthenya akawafuata kutazama, na darasa likanyamaza. Kisha malapa ya tairi yakasikika sakafuni, polepole, yakaja hadi mlangoni.

Kisilu alikohoa.

Mlangoni pakakohoa pia, kwa uzito kuliko yeye.

Hapo kila mmoja alipaswa kukimbilia kichaka chake. Lakini kichaka cha pekee kilichokuwa karibu kilijaa watoto wa shule waliopanda juu ili wamwone Disii. Kisilu aliinamia viatu vyake. Hakuna aliyeondoka.

“Nasema na huu mlango,” Kalondu alisema. “Muthoki nimemkataa, mtoto wangu nimemkataa. Kabati hii ni mtu mmoja tu anayejua nguo.”

Mlango haukusema kitu. Landrova ilisimama kule chini, na watu wakapiga makofi.

“Nitizame nguo,” alisema. “Uso nimefunika.”

Kisilu aliinua macho. Ni kweli uso haukuonekana. Leso ilikuwa imeshuka kutoka utosini hadi kidevuni, mikono imelegea ubavuni, na katikati lilisimama rinda la ishirini na nne kama limetundikwa dukani. Alilitazama kwa jicho la kazi. Alianza na mabega, akateremka na mishono hadi pindoni, akapanda tena taratibu hadi shingoni, akahakikisha mara ya pili ili asije akasema uongo.

“Kisilu,” Kalondu alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka tisa kulitaja jina la mkwe wake, “rinda hili linanikaa?”

“Linakukaa, mama. Umelivaa tu nyuma mbele.”